Nilikuwa kwaya na sonona ikanikuta hukohuko

Wapendwa, leo naongelea kitu ambacho makanisani tunakikwepa, sonona, yaani depression, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mimi nimeokoka, naimba sauti ya pili, mikesha sikosi, na bado iliniingia. Ilianza na usingizi, naamka saa tisa usiku macho makavu mpaka jogoo anawika, halafu chakula kikawa kama natafuna karatasi, halafu hata kuoga nikaacha. Kuna sufuria ya ugali niliiloweka kwenye beseni jumatatu, ijumaa bado iko palepale, maji yameota utando na yananuka, na mimi nimekaa kwenye stuli naiangalia tu, yaani kunyoosha mkono niisugue nashindwa. Sio uvivu jamani.

Kanisani nikaambiwa nina roho ya huzuni, nifunge siku tatu kavu. Mtu halali, hali, unamwambia afunge! Nikafunga, siku ya tatu nikaanguka bafuni, na kilichoniumiza zaidi nikaanza kuamini Mungu kanichoka maana nimeombewa na sijapona.

Aliyenisaidia ni mama mmoja wa jumuiya yetu. Alikuja na chupa ya uji wa ulezi, hakufungua Biblia, hakuniuliza nimemkosea Mungu nini, aliosha ile sufuria, akanimiminia uji akakaa hapo mpaka nikamaliza. Kesho yake akarudi na uji mwingine. Siku ya tatu ndo akanisomea 1 Wafalme 19.

Isome taratibu hiyo sura. Eliya ametoka kuona moto unashuka Karmeli, mara yuko jangwani chini ya mti wa mretemu anamwambia Bwana yatosha, iondoe roho yangu. Na Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, malaika akamgusa akamwambia inuka ule, mkate wa kwenye makaa na maji, akala akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Yale maswali ya unafanya nini hapa Eliya yamekuja baadaye kabisa, kule Horebu, baada ya safari ya siku 40.

Huyohuyo mama ndo alinisindikiza hospitali. Dokta akaniuliza kuhusu usingizi, hamu ya kula, kama nawaza kufa, na hali ina muda gani, maana ikikushika karibu kila siku kwa wiki mbili na zaidi usiichukulie kama huzuni ya kawaida. Nikaandikiwa dawa, na hapa mnielewe, dawa za sonona sio panadol, mimi wiki mbili za mwanzo sikuona kitu zaidi ya mdomo kukauka, nafuu nimeanza kuiona wiki ya nne hivi, na wengi wanaachia hapo katikati wakidhani hazifanyi kazi. Ukipata nafuu pia usiache ghafla, rudi dokta akupunguzie mdogomdogo.

Wapo watakaosema ni kukosa imani. Mbona mchungaji mwenye presha anameza vidonge asubuhi na anapanda madhabahuni? Luka mwenyewe alikuwa tabibu. Na Charles Spurgeon, mhubiri wa London aliyekuwa anajaza maelfu, aliteswa na hali hii miaka mingi, hasa baada ya 1856 watu 7 walipokufa kwenye ibada yake, mtu alipiga kelele za moto watu wakakanyagana, na hakuwaficha waumini wake kwamba anaumwa.

Kuomba, kuna siku maneno hayaji kabisa. Mimi nilikuwa nafungua Zaburi ya 88, maana ile inaishia gizani, haikulazimishi kushangilia, naisoma nalala.

Na kama umeshafika pa kuwaza kufa, usisubiri ibada ya jumapili, mwambie mtu sasa hivi hata kwa meseji, aje akae na wewe akupeleke hospitali usiku huuhuu. Mimi vidonge vyangu vyote alikuwa anavitunza yule mama, ananiletea cha siku mojamoja, na uji.