Kutoka Mafinga kuhamia Dar: hasara za kupima kabla hujafunga mizigo

Mkuu, nairudia hali yako kwa kifupi ili na wengine wafuatilie. Uko Mafinga, mkoani Iringa, nyumba ni yako mwenyewe, mkeo anauza nguo sokoni, watoto wawili wako shule ya msingi. Umepata kazi ya kutunza stoo kwenye ghala barabara ya Nyerere hapa Dar, na mshahara utapanda kutoka laki sita hadi laki tisa. Faida umeshaambiwa, sasa unataka hasara.

Mimi ni mtu wa Njombe, baridi ya huko kwenu naijua. Dar nimeishi miaka mingi na kazi yangu ni ufundi wa majokofu na AC, kwa hiyo naingia kwenye nyumba za watu kuanzia Mbagala hadi Bunju, za wenye nacho na za wapangaji wa chumba kimoja. Wasiwasi wangu kwako si joto lenyewe wala bei ya vyakula. Ni mtaa utakaopanga. Karibu kila hasara ya mji huu inakuwa kubwa au ndogo kulingana na mahali ulipo, na mgeni huwa anachagua mahali haraka kuliko kitu kingine chochote, tena kwa kuangalia kodi peke yake.

Angalia mji unavyokwenda. Sensa ya 2002 ilihesabu mkoa wa Dar es Salaam watu wapatao milioni 2.5. Mwaka 2012 wakawa 4,364,541, na 2022 wakafika 5,383,728. Wengine wanasema ongezeko limepungua, lakini tazama jirani: mkoa wa Pwani ulikuwa na watu 1,098,668 mwaka 2012, na miaka kumi baadaye 2,024,947. Mji umefurika kwenda Kibaha, Mkuranga, Kisarawe na upande wa Bagamoyo. Maana yake kwako ni hii: nyumba ya bei unayoiweza ipo pembezoni, na pembezoni watu hutangulia, ndipo barabara, bomba la maji na mtaro vifuate baada ya miaka. Kwa miaka hiyo ya katikati, gharama ya kukosekana kwa hivyo vitu unailipa wewe mpangaji.

Tufanye hesabu. Chukua nyumba ndogo ya vyumba viwili ya 250,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba atataka miezi sita mkononi, wengine mwaka mzima. Hiyo ni 1,500,000. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na kabla ya hapo atakuwa amekutoza hela ya kukuonyesha kila nyumba uliyokwenda kuiona, hata kama hukuipenda. Hapo uko 1,750,000 na bado hujanunua tanki la maji, hujasafirisha vyombo, hujalipa sare mpya za watoto. Halafu nauli. Ukiishi mbali ukapanda daladala mbili na kumalizia na bodaboda, elfu nne kwa siku inatoka bila kula kitu. Kwa siku 26 za kazi ni 104,000. Kodi na nauli zimeshapita zile laki tatu ulizoongezewa, na Mafinga ulikuwa hulipi kodi. Nyumba yako ya huko ukiipangisha itakurudishia kiasi, ila usitegemee izibe pengo lote.

Na muda. Hili watu hawalihesabu kwa sababu halina risiti. Anayeishi Chanika au Kivule ndani ndani akafanya kazi maeneo ya Tazara anatoka nyumbani watoto wamelala na anarudi wamelala. Nina wateja wa aina hiyo, wananiita Jumapili tu kwa sababu siku nyingine hakuna mtu mzima nyumbani wa kufungua mlango. Kazi yako iko barabara ya Nyerere, hapo una bahati. Njia ya mabasi ya mwendokasi ya awamu ya tatu inafuata barabara hiyohiyo, kutoka mjini hadi Gongo la Mboto, kwa hiyo tafuta nyumba inayokuweka kwenye mhimili huo au umbali wa gari moja tu: Ukonga, Kipawa, Gongo la Mboto, hata Tabata kwa upande unaotokea Buguruni. Kodi itakuwa juu kidogo. Lipa hiyo tofauti. Elfu hamsini ya ziada kwa mwezi ikikupunguzia daladala moja na saa mbili za foleni kila siku, umeinunua kwa bei nafuu.

Sasa joto, hapa nitakaa kidogo maana ndiyo kazi yangu. Kuanzia Desemba hadi Machi mchana unafika nyuzi 32 au 33. Hiyo mtu wa nyanda za juu anaivumilia. Kinachomtesa ni usiku, kwa sababu hauteremki sana chini ya 25, na unyevu wa bahari unafanya jasho lisikauke. Mwili haupumziki. Watoto wako watatoka vipele vya joto wiki za mwanzo, watalala vibaya, na asubuhi shule. Juni hadi Agosti ni raha kabisa, kwa hiyo ukija kukagua nyumba Julai itakudanganya.

Nyumba nyingi za kupanga za siku hizi zinajengwa vibaya kwa joto. Bati bila dari, au dari iliyobandikwa karibu sana na bati bila matundu ya kutoa hewa. Dirisha moja kwa chumba, tena linatazama ukuta wa jirani. Pepo za huku zinajulikana: kusi miezi ya baridi, kaskazi miezi ya joto. Chumba cha kulala chenye madirisha mawili kwenye kuta tofauti, moja likipokea upepo wa upande wa kaskazini mashariki, kinakutosha kwa feni. Chumba kilichozibwa kitakulazimisha kununua AC. Feni ya wati 60 ukiiwasha saa kumi haifiki uniti moja ya umeme. AC ya kawaida ya BTU 12,000 kwa usiku mmoja inaweza kula uniti sita. Kwa bei ya kawaida ya LUKU, takriban shilingi 356 kwa uniti ukijumlisha kodi ya serikali, ni zaidi ya elfu sitini kwa mwezi kwa chumba kimoja tu. Na kama ulikuwa kwenye kundi la watumiaji wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanaonunua kwa bei ya chini, AC peke yake inakutoa humo. Nasema haya nikijua ndiyo biashara yangu: familia ya mshahara wa laki tisa itafute nyumba yenye upepo, isitafute AC.

Ingia kwenye nyumba unayoitaka saa nane mchana, funga mlango, kaa humo nusu saa. Shika ukuta wa magharibi kwa kiganja. Kama unaunguza saa hizo, usiku utakuwa unakutolea moto hadi alfajiri.

Maji usiyachukulie kirahisi kwa sababu Mafinga yanatoka. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar hutegemea mto Ruvu, na mto ukipungua mji wote unahisi. Mwishoni mwa 2022 mvua za vuli zilipochelewa, tuliingia kwenye mgawo. Mitaa ambayo bomba halijafika wananunua kwa maboza au kwa madumu, au wanatumia kisima, na visima vingi vya huku vina chumvi. Maji ya chumvi yanamaliza bomba na koki, na sabuni haitoki povu. Uliza wapangaji wenzako, usimuulize dalali: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, tanki ni la nani, dumu linauzwa shilingi ngapi yakikatika.

Kuhusu mafuriko, nitakuwa mkali. Usipange bondeni hata kama nyumba ina marumaru. Bonde la Msimbazi linaanzia milima ya Pugu na Kisarawe, linapita Vingunguti na Kigogo, linamwaga baharini baada ya Jangwani, na upande wa kazini kwako utakutana nalo pamoja na vijito vyake. Desemba 2011 watu kadhaa walipoteza maisha kwenye mafuriko na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Tangu hapo maji yamerudi mara nyingi, na kila Jangwani inapojaa barabara ya Morogoro hufungwa na mji unagawanyika. Nyumba ya bondeni huwa nafuu ikikaguliwa Agosti. Tafuta alama ya maji ukutani, mstari wa kahawia chini ya rangi mpya. Angalia kama soketi za umeme zimepandishwa juu kuliko kawaida, maana mwenye nyumba haziinui bila sababu. Halafu muulize mama anayeuza mboga pale kona, yeye hana kamisheni.

Malaria: watoto waliokulia baridi hawana kinga kama ya wenyeji, homa yoyote wapimwe siku hiyohiyo. Kuna na dengi, tuliyokuwa na milipuko yake 2014 na 2019. Mbu wake anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakitoshi, na anazaliana kwenye maji safi yaliyotuama. Mtaa wenye shida ya maji ndio mtaa wenye mapipa na ndoo wazi kila kibaraza. Funika maji yako.

Kilichobaki ni mkeo, na naona kwenye maelezo yako umempitia haraka. Yeye Mafinga ana wateja wanaomjua, ana kizimba, ana watu wa kumkopesha bidhaa kwa uaminifu. Huku Dar bidhaa ziko Kariakoo kwa bei ya jumla, kweli, lakini zipo kwa kila mtu, na kila kibaraza kina muuza nguo. Itamchukua muda kupata wateja, na katika muda huo kipato cha nyumba ni mshahara wako peke yake. Andika kwenye karatasi anachoingiza sasa kwa mwezi, kitoe kwenye zile laki tatu. Pia huko mna shamba, viazi na mahindi hamnunui. Huku hata mchicha ni pesa. Mtoto akiugua usiku, Mafinga kuna bibi na shangazi. Huku mtaanza na jirani msiyemjua, na ujirani unajengwa taratibu.

Sikuambii usije. Kazi huku zipo, mafunzo ya kazi yapo, mtu wa stoo anayejua kompyuta anapanda cheo haraka kuliko mkoani. Mimi mwenyewe sirudi. Ila ningekuwa wewe ningekuja peke yangu kwanza. Panga chumba kimoja Ukonga au Kipawa, omba kulipa miezi mitatu, wapo wanaokubali kwa chumba. Familia ibaki Mafinga watoto wamalize mwaka wa shule. Ukae humo joto la Februari na masika ya Machi hadi Mei, utazame barabara zipi zinakatika na mitaa ipi inakauka maji, na nyumba ya familia uitafute Mei, wakati matope hayajafichwa. Gharama ya kuishi sehemu mbili kwa miezi hiyo ni ndogo kuliko kupoteza kodi ya miezi sita kwenye nyumba mtakayoikimbia.

Kabla hujasaini mkataba wa kazi, waulize waajiri wako mambo mawili: kama wana gari la wafanyakazi na linapita wapi, na zamu za usiku ziko ngapi kwa mwezi. Zamu ikiisha saa sita usiku, daladala ni za kubahatisha na utatumia bodaboda au bajaji kwa hela yako. Ukipata majibu yaandike hapa, pamoja na ghala liko karibu na kituo gani. Mitaa ya upande ule naifahamu, nitakutajia ya kutafuta na ya kuepuka.