Jibu: Sanamu ya nyuki wa saruji itahimili mvua za Mbeya?
Mkuu, itahimili vizuri tu, ila sukeni mifupa kwa nondo nyembamba, zungushieni wavu wa kuku ndo mpige plasta, mmwagilie siku kadhaa isipasuke afu iache ikauke kabisa, na rangi iwe ya nje, ile ya ndani itababuka masika hayajaisha. Mabawa ndo kazi, yapo manne, na miguu sita yote inatoka kifuani sio tumboni, madogo wa shule lazima watataka minane kama buibui 😂. Manchester kule Uingereza 2018 walitapakaza sanamu za nyuki wakubwa mjini, kila mmoja na michoro yake, baadae wakapigwa mnada hela ikaenda kwenye hisani. Ila nyie wekeni na kumbikumbi bana, nyuki peke yake wa nini.