Vifaranga wangu wa bata wanalegea miguu, niwaachie ziwani?

SWALI: Shikamoo mama. Niko Kayenze huku Ilemela, wiki mbili zimepita nimenunua bata, majike wawili, dume mmoja na vifaranga nane wa kama wiki tatu hivi ila mama yao sikuuziwa. Nawapa pumba za mahindi na makombo ya ugali, maji nawawekea kwenye sinia. Sasa vifaranga wawili wamekuwa wa kukaa tu, wakiinuka wanapepesuka wanakaa tena. Jirani anasema niwafungulie waende ziwani watajitafutia wenyewe watapona. Ni kweli? Naogopa wataisha wote.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wawili usiwachinje, bado wana nafasi. Miguu ya hivyo kwa kifaranga anayekula pumba tupu mara nyingi ni upungufu wa niasini, yaani vitamini B3, bata anaihitaji kwa wingi kuliko kuku na ile ya kwenye mahindi imejifunga mwili hauipati vizuri, kwaiyo mtoto anashiba kila siku huku miguu inapinda. Nenda duka la mifugo leo leo, chukua vitamini za kuku za kuchanganya kwenye maji, soma pakiti uhakikishe niasini imo, pima kama walivyoandika.

Halafu chakula. Wape stata, yaani chakula cha kuanzia cha vifaranga vya kuku, muulize muuzaji isiyo na dawa ya koksidia, vile vijidudu vya kuharisha damu. Kama hela ni ngumu changanya pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, na hapo sisi wa Mwanza tumebarikiwa jamani, dagaa wa Mwaloni Kirumba tunao, chukua wa kuanika wasio na chumvi, pepeta mchanga wote, twanga, sehemu moja ya dagaa kwa tisa za vingine. Mashudu ya pamba waachie ng'ombe. Na mahindi yenye ukungu usithubutu, sumukuvu inaua kifaranga wa bata haraka kuliko wa kuku.

Sinia toa. Mwangalie bata akila, anabeba pumba mdomoni anakimbilia maji, anazamisha mdomo mpaka puani anapuliza na ule uji unatoka. Kwenye sinia hawezi, ukimshika utakuta pumba imemkaukia kwenye matundu ya pua na macho yameanza kunata. Kata dirisha ubavuni mwa dumu la lita 5, kichwa kiingie mwili usiingie, liweke karibu na chakula, maji badilisha asubuhi na jioni maana wanayachafua mno.

Ziwani hapana, hapo sikubaliani na jirani kabisa. Kifaranga asiye na mama manyoya yake hayajapata mafuta, analowa anapigwa baridi anakufa, na kenge hawako mbali. Pale ufukweni kuna samaki waliooza, bata akiwala anaweza kupata sumu ya kulegeza shingo, ile ni mbaya sana. Na wewe ukiwafuata kwenye majani ya kando unajitafutia kichocho.

Wagonjwa watenge kwenye maranda makavu, siyo juu ya nailoni inayoteleza, chakula na maji viwe pale pale walipokaa ili wenzao wasiwakanyage. Mchicha uliokatwa katwa wape wote. Wakifika siku ya tano hawajaanza kusimama, au ukiona kuharisha, mwite afisa mifugo wa kata aje awaone.