Ukiwa na baiskeli barabara ya Malaba, usiingie ubavuni mwa trela

Nilifanya kazi ya utanboi, yaani msaidizi wa dereva, kwenye matrela ya Mombasa na Kampala, na sasa nipo Iganga, mashariki mwa Uganda, nasafirisha matoke kwa baiskeli. Barabara hii ya kwenda Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, nimeitazama kutoka juu kitini na kutoka chini ukingoni mwa lami. Jambo ambalo wenzangu wengi wa baiskeli hawalijui ni hili: wewe unaliona lori zima, lakini dereva wake huenda hakuoni kabisa.

Uganda tunapita kushoto na dereva hukaa kulia. Maana yake upande ulio mbali naye ndio huohuo tunaopita sisi. Ukiwa chini ya mlango wa kushoto, au umejibanza mbele ya bampa, hayupo wa kukuona isipokuwa tanboi aliyetoa kichwa dirishani. Tanboi akisinzia, basi. Kwa hiyo tafuta kioo cha dereva. Usipouona uso wa dereva ndani ya kioo, naye hawezi kukuona. Hata ukiuona, hakikisha anatazama upande wako.

Hatari kubwa kuliko zote ni trela linalokata kona kushoto. Chukua njia panda ya Nakalama, pale barabara ya Tirinyi inapochepuka kwenda Mbale. Trela linalotoka Kampala hutanua kwanza kulia ili lipate nafasi ya kuzunguka. Kushoto panabaki peupe, na mwenye baiskeli anadhani amepishwa, anaingia. Kisha kichwa cha trela kinakata kushoto. Matairi ya nyuma hayafuati njia ya matairi ya mbele. Yanakata ndani zaidi, wakati mwingine yanapanda hadi ukingoni. Kontena la futi 40 lina urefu wa kama mita 12, na nafasi yote uliyoiona inafungwa na chuma. Usingoje indiketa, maana huenda imejaa tope au imekufa. Tazama matairi ya mbele yanaelekea wapi, baki nyuma, mwache amalize kona. Ukikuta trela limesimama kwenye foleni, usipenye kushoto kwake hata kama una haraka ya soko.

Vijana wanaoshika tela la lori wakati wa kupanda mlima, nawaomba muache. Dereva akibadilisha gia, tela linashtuka. Shimo lililo mbele hulioni, na akikanyaga breki ghafla unaingia chini yake.

Mzigo nao una mambo yake. Mikungu ikining'inia pande zote mbili, wewe si mwembamba tena, na upepo wa lori hukupata vizuri: kwanza unakusukuma nje, halafu lori likishapita unakuvuta kuelekea barabarani. Shika usukani kwa mikono miwili na usikanyage pedali kwa nguvu mpaka upepo utulie. Lami ikiwa imemeguka pembeni, shuka mapema usukume. Na usikwepe shimo kabla ya kutazama nyuma, kwa sababu lori la kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Mimi nimefunga kioo kikuukuu cha pikipiki upande wa kulia wa usukani, na sitaki tena kuendesha bila hicho.

Yapo pia malori yenye usukani kushoto, kwa kuwa Kongo, Rwanda na Sudan Kusini wanapita kulia. Dereva wa lori hilo akitaka kulipita lingine, hulazimika kutoka kwanza ndipo aone mbele. Ukiliona linachungulia hivyo likija upande wako, toka kwenye lami kabisa.

Usiku, taa ya mbele na ya nyuma. Stika nyekundu na nyeupe zinazong'aa, kama zile za matrela, zibandike kwenye kibao ukining'inize nyuma ya mzigo. Ukizibandika kwenye madigadi, gunia la makaa litazifunika.

Nanyi madereva, wakubwa zangu wa zamani: kabla ya kukata kushoto, mwambieni tanboi atoe kichwa atazame chini. Mkimpita mwenye baiskeli, mwachieni mita moja na nusu, na kama nafasi hiyo haipo, ngojeni nyuma yake. Honi ipigeni mngali mbali. Mkiipiga sikioni mwake atashtuka, na mtu aliyebeba mzigo akishtuka huyumba kuelekea kwenu.