Shimo Lile Lile: Maswali na Majibu ya Mazingira Shuleni

Mbukwenyi, kama Wagogo wanavyosalimiana. Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kongwa, na kama ilivyo ada, simu yangu imejaa maswali ya miche. Safari hii nimechagua ya walimu, wazazi na wanafunzi wa huku kwetu kanda ya kati. Yanayofanana nimeyaunganisha. Wanaouliza miche ya bei nafuu inapatikana wapi, nendeni kwenye bustani za miche zilizo kando ya barabara. Mtaulizwa mnataka mingapi, mtalipa, mtaondoka.

Mti gani unakua haraka hapa Dodoma? Klabu yetu ya mazingira inataka kupanda miche 500. (Mwalimu, Chamwino)

Swali hili limenizeesha. Kila msimu linakuja, limebadilisha jina la shule tu.

Mti unaokua haraka kuliko yote ni ule ambao tayari una mizizi ardhini. Kabla hujanunua hata mche mmoja, toka na wanafunzi mzunguke eneo lote la shule. Mtakuta visiki vya migunga, mikungugu, pengine mkwaju, vinachipua kila mwaka na kila mwaka vinaliwa na mbuzi au vinafyekwa kwa jina la usafi wa mazingira. Visiki kama hivyo watu wa Mpwapwa na Chamwino wanaviita kisiki hai. Chagueni machipukizi matatu hadi matano yaliyonyooka, mengine kateni, yale yaliyobaki pogoleni matawi ya chini, fungeni kitambaa ili kila mtu ajue kisiki hiki kina mwenyewe, kisha mlinde. Kule Maradi, nchini Niger, kazi ya namna hii ilianza mwaka 1983 na leo mamilioni ya hekta yamerudi kuwa na miti bila kitalu. Mizizi iko chini tayari, inajua maji yalipo. Mche wako wa kwenye kiriba, kile kifuko cha nailoni, haujui chochote.

Halafu niambie, hiyo 500 imetoka wapi? Waliohesabu ni wanafunzi, au imeandikwa kwenye barua kutoka juu? Waulize wenyewe: mwezi wa nane, kisima kikishuka, tunaweza kunywesha mingapi? Wakikujibu 40, panda 40. Na mwache aliyetaja 40 aisimamie hesabu hiyo mbele ya mkuu wa shule. Hapo ndipo somo linapoanza, mwalimu, wala halianzii kwenye jembe.

Binti yangu yuko darasa la nne. Anatakiwa kwenda na lita tatu za maji kila siku za kumwagilia miti ya shule. Maji tunanunua kwa ndoo. Akisahau anachapwa. Hii ndiyo elimu ya mazingira? (Mama, Nkuhungu)

Hapana, mama. Hiyo ni kodi, na anayetozwa ni mtoto.

Wengi wa rika langu tulijifunza kuchukia miti kwa njia hiyohiyo. Ukichelewa namba, shimo. Ukiongea kilugha, shimo. Mimi mwenyewe nilichimba mashimo ya futi mbili kwa mbili kwenye udongo uliokauka kama tofali, na hadi namaliza darasa la saba hakuna aliyeniambia shimo lile ni la mti gani. Kazi inayotolewa kama adhabu haifundishi kitu kingine zaidi ya kuikimbia.

Nenda kwenye kikao cha wazazi, usiende kugombana, nenda na hesabu. Mvua ya milimita moja ikinyesha kwenye paa la mita moja ya mraba inakupa lita moja. Jengo la madarasa mawili lenye paa la mita 20 kwa 8 lina mita 160 za mraba. Dodoma tunapata kama milimita 550 kwa mwaka wa kawaida. Zidisha: lita 88,000. Ondoa sehemu ya tano kwa zinazomwagika na kupotea, unabaki na zaidi ya lita 70,000, yaani ndoo 3,500 za lita 20, ambazo sasa hivi zinaanguka kutoka kwenye bati, zinachimba msingi wa darasa na kwenda zake bondeni. Shule haina tangi la kuzihifadhi zote, najua. Lakini mfereji wa kupeleka maji ya paa kwenye mashimo ya miti hauhitaji tangi, unahitaji jembe na mtu aliyefikiri.

Hesabu hiyo wangeweza kuifanya darasa la sita. Kopo la rangi tupu lenye kuta zilizonyooka na rula vinatosha kupima mvua. Mwambie mwalimu wa hisabati. Na suala la kuchapwa lipeleke kwa mwalimu mkuu leo, usilisubirishe kikao.

Tarehe 5 Juni tutakuwa na mgeni rasmi. Naomba ushauri wa ngonjera nzuri na maneno ya kuandika kwenye fulana za wanafunzi. (Mwalimu Mkuu, Bahi)

Ngonjera siandiki. Ila kwa kuwa umeniuliza, nitakujibu na lile ambalo hukuuliza.

Mvua zetu zinakatika mwezi wa nne. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, Bahi ni vumbi na upepo. Kupanda mti siku hiyo ni kuuzika huku ukipigiwa makofi. Siku hiyo iliwekwa kwa dunia nzima, haikuangalia kalenda ya Wagogo. Mgeni wako aje, tena karibu sana, lakini mpeleke akakague miti iliyopandwa Desemba. Mwanafunzi ashike daftari, amwonyeshe huu uko hai, ule umeliwa na mchwa, hapa tulikosea tukapanda kwenye mwamba. Ngonjera gani itashinda hiyo?

Miaka michache nyuma nilialikwa kwenye shule moja, jina naliacha. Tuliambiwa tuchimbe mahali palipoandaliwa. Kijana aliyekuwa karibu nami akapiga jembe mara tatu, likatoa nailoni nyeusi. Kiriba cha mwaka uliopita, na mti mkavu ndani yake kama kalamu, mizizi imejizungusha humohumo kwa sababu mgeni wa mwaka ule hakukichana. Kijana akakiangalia, akaniangalia, akakitupa pembeni taratibu ili mwalimu asione. Tukapanda mwingine. Shimo lile lile.

Mwaka 1992, UNICEF ilitoa andiko la Roger Hart lenye ngazi ya vidato nane vya ushiriki wa watoto. Vidato vitatu vya chini hakuviita ushiriki kabisa, na kimojawapo ni pale mtoto anapofanywa pambo: avae fulana, aimbe, asijue kwa nini. Fulana zako zina bei. Kwa fedha hiyohiyo ungepata mpira wa maji na waya wa kuzuia mbuzi.

Hiyo "elimu shirikishi" si maneno ya wafadhili tu? (Msomaji, Singida mjini)

Neno ni la wafadhili, jambo ni letu. Soma upya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mwalimu Nyerere hakusema watoto walime tu shamba la shule. Alitaka washiriki kupanga na kuamua nini kilimwe na mapato yatumikeje. Sisi tukachukua jembe, maamuzi tukayabakiza ofisini. Klabu za Malihai, zile za wanafunzi za kuhifadhi wanyamapori, zipo tangu 1980. Roots & Shoots, mtandao wa vijana wa mazingira ambao leo uko nchi nyingi, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991 na vijana 12 waliokwenda kwa Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, na maswali yao wenyewe. Hawakuletewa mradi. Walikwenda wakiuliza.

Nyuma ya shule yetu kuna korongo linalokuja kila mwaka. Sasa limekaribia uwanja wa mpira. Sisi wanafunzi tunaweza kufanya nini? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Kondoa)

Asante, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana wewe umeanza na kitu ulichokiona kwa macho yako.

Kwanza usalama. Msiingie ndani ya korongo wakati wa mvua wala siku mbili tatu baada yake. Kuta zile zinamomonyoka bila kupiga hodi.

Sasa kazi. Pigileni vigingi vya miti kuanzia kichwa cha korongo kuja uwanjani: cha kwanza mita moja, cha pili mita mbili, hadi kumi. Kila baada ya mvua kubwa andikeni zimebaki mita ngapi. Kwenye mteremko ulio wazi, chukueni misumari mirefu ya inchi sita, tobweni vizibo vya soda, mpitishe msumari kwenye kizibo na kuupigilia hadi kizibo kilale juu ya udongo. Udongo ukiondoka, kizibo kinashuka nao na msumari unabaki umesimama. Pimeni nafasi kati ya kichwa cha msumari na kizibo kwa rula. Fanyeni hivyohivyo sehemu yenye nyasi. Mwisho wa masika mtakuwa na namba zenu, za shule yenu.

Baada ya hapo pandeni juu, msishuke chini. Kosa la kila mtu ni kukimbilia kujaza mawe kwenye korongo. Jiulizeni maji yanatoka wapi. Mara nyingi mtakuta ni paa za madarasa yenu, njia ya ng'ombe, au kile kijia cha mkato mnachopita kuwahi namba. Makinga maji yakatwe juu, kwa kufuata usawa wa ardhi na si kwenda na mteremko. Mkonge au mabingobingo yapandwe kwenye tuta. Vizuizi vya mawe ndani ya korongo vinakuja mwisho, vidogovidogo vingi, na watu wazima wawepo.

Jambo la tatu, na hili ni la Kondoa peke yake: wafuateni wazee. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Walileta matingatinga, wakachimba makinga, makorongo yakaendelea. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoharibika la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, hilo hakuna wa kulikataa. Lakini waulizeni bibi zenu: maziwa mlipata wapi? Samadi je? Nani alikuja kuwauliza kabla ya amri? Andikeni majibu yote, hata yanayopingana. Kisha witeni serikali ya kijiji, muwaonyeshe misumari na muwasomee waliyosema wazee. Nitafurahi kujua kilichotokea.

Nipate wapi mfadhili wa klabu ya mazingira ya shule? (Mwalimu, Manyoni)

Hujaniambia klabu inafanya nini.

Kila mwanafunzi wetu analeta kuni moja kila Jumatatu za kupikia uji. Klabu yetu inafundisha kutunza miti. Naona aibu. (Mwalimu wa klabu, Kongwa)

Aibu hiyo ni mtaji, usiifiche. Azima mizani ya dukani. Kila Jumatatu wanafunzi wapime kuni zote zinazoingia kabla hazijapelekwa jikoni. Watoto 400, kila mmoja na kuni ya kilo moja, ni kilo 400 kwa wiki. Wiki 38 za masomo, tani 15 na ushee. Waulize zimekatwa wapi, na nani alitembea kuzifuata. Wasichana watakuwa na majibu marefu zaidi.

Namba hizo zipeleke kwa kamati ya shule. Serikali imekwisha agiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka asilimia 80 ya Watanzania wafike huko ifikapo 2034. Gesi ina gharama yake, sikudanganyi. Lakini jiko la kuni lililojengwa vizuri, lenye bomba la moshi na sufuria iliyozama ndani, linapunguza mzigo kuanzia wiki ya kwanza, na mafundi wako hapohapo Kongwa.

Wanafunzi wangu walichora ramani ya kijiji ya mahali miti inapokatwa. Tanuri kubwa la mkaa likaonekana kwenye shamba la kiongozi wa kijiji. Mkuu wa shule anasema nichane ramani. (Mwalimu, jina na wilaya nimevificha)

Usiichane. Wala usiibandike ukutani.

Hapa ndipo wengi wanaoimba ushirikishwaji wanapokimbia. Ukiwaambia watoto wachunguze, watachunguza kweli, na watakuja na jambo ambalo mkubwa hakulitaka. Hilo ulipaswa kulifikiria kabla ya kuwapa penseli, na nakulaumu kidogo. Watoto wasitumwe kuwa polisi wa misitu. Wasiende tena kwenye tanuri lile, wasipige picha, majina yao yasionekane popote. Mtoto anaishi kijiji kimoja na mwenye tanuri, na baba yake labda ndiye anayelipwa kulichoma.

Cha kufanya: ramani itolewe majina, ibaki na maeneo tu. Watoto wahesabu magunia yanayopita barabarani ndani ya wiki, jambo ambalo kila mtu analiona, halafu swali liende mkutano wa kijiji likiwa swali: miti yetu inaisha upande huu, tufanyeje? Mzungumzaji awe mtu mzima, wewe au mjumbe wa kamati ya mazingira ya kijiji. Yule kiongozi atajua kuwa mnajua. Ikishindikana hapo, afisa misitu wa wilaya ana ofisi, na barua inaweza kuandikwa na mtu mzima asiye mwalimu wao.

Tuzungushie miche yetu nini ili mbuzi wasile? (Wengi sana, kutoka kila mahali)

Kama mnakata miiba ya mikungugu mitatu kulinda mwarobaini mmoja, acheni. Pandeni uzio wa minyaa, na waambieni watoto utomvu wake unaunguza macho, wasiuguse. Na mwenye mbuzi ana jina. Mwiteni shuleni, mumpe kiti, wanafunzi wamuulize anawachungia wapi.

Tuchome taka za plastiki au tuzifukie? (Mwanafunzi, Mpwapwa)

Msichome, moshi wake ni sumu. Kabla ya kufukia, zimwageni chini mhesabu kila aina. Nabashiri nusu itakuwa vifuko vya ubuyu na barafu kutoka kwenye genge lililo mbele ya geti lenu, na mwenye genge mnamfahamu.