Wanagawa sare mstarini, tufanyeje?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mwalimu wa ushauri nasaha. Mashirika mawili ya jamii yanasaidia watoto wanaoishi katika mazingira magumu shuleni kwetu. Moja hugawa sare mstarini, majina yakisomwa mbele ya wote na picha zikipigwa. Jingine huwatoa watoto darasani katikati ya kipindi cha hesabu. Juzi mtoto mmoja kapata mabegi mawili, mwenzake hata daftari hakupata. Mwalimu mkuu anaogopa kuwaudhi. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Mabegi mawili yananiambia kwamba kila shirika lina orodha yake. Anzeni hapo: orodha iwe moja, ikae shuleni, ishikwe na mtu mmoja. Pengine ni wewe, pole. Msaada wowote ukija, upitie kwako kwanza.

Kisha kutaneni wote, walimu na mashirika, kila wiki, muda mfupi tu, daftari la mahudhurio likiwa mezani. Funua ukurasa: huyu hukosa kila Jumatatu na Alhamisi, wiki ya tatu sasa. Mwalimu anaona dawati tupu. Mtu wa shirika anayepita majumbani ndiye anayejua kuwa mama anaumwa na mtoto analea wadogo zake. Hapo sare haisaidii kitu, anatakiwa mtu wa kukaa na wale wadogo. Msiinuke kabla hamjaandika nani ataenda, na ataleta jibu lini. Ugonjwa wa mama usiandikwe kwenye daftari linalosomwa na kila mtu.

Daktari wa magonjwa ya akili James Comer alianza kazi ya namna hii mwaka 1968 katika shule mbili za New Haven, Marekani, akiwaweka walimu, wazazi na wataalamu wa afya ya akili pamoja. Naipenda kanuni yao moja: hakuna kulaumiana. Nimekaa vikao vingi vilivyoliwa na "wazazi hawa hawajali", mzazi mwenyewe hayupo. Mwalikeni!

Sare apewe mlezi, kimya kimya, kabla shule hazijafunguliwa. Picha za mstarini, hapana, hata kama ripoti inazidai. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda faragha ya mtoto. Hesabu isiguswe, watafutiwe muda baada ya vipindi. Yaandikeni haya kwenye ukurasa mmoja, mwalimu mkuu asaini, na mashirika yasaini. Mashirika mengi hayaudhiki. Hayajawahi tu kuambiwa yaje saa ngapi.