Deni Linalokua Huku Unalilipa

SWALI: Ndugu Mhariri, nilihitimu chuo kikuu miaka sita iliyopita, na tangu nipate kazi sijakosa kulipa mkopo wangu wa masomo hata mwezi mmoja. Juzi niliomba taarifa ya deni, nikakuta ninadaiwa zaidi ya nilichokopa. Je, nimeibiwa?

JIBU: Ndugu msomaji, yawezekana kabisa kwamba hakuna aliyekuibia, na hilo ndilo linalouma zaidi. Chukua deni la 10,000, kwa sarafu yoyote ile, lenye riba ya asilimia 6 kwa mwaka. Riba yake ni 600, yaani 50 kila mwezi. Ikiwa umepangiwa kulipa 40 kwa sababu mshahara wako wa kuanzia ni mdogo, malipo yako yote yanamezwa na riba bila kugusa deni la msingi, na mwaka unapokwisha zimebaki 120 ambazo hazijalipwa. Mkataba ukiruhusu kiasi hicho kijumlishwe kwenye deni la msingi, riba nayo inaanza kuzaa riba. Huenda pia riba yako ilianza kuhesabiwa siku fedha zilipotolewa, ungali mwaka wa kwanza, wala si siku ya mahafali.

Omba kwa maandishi mchanganuo unaotenga deni la msingi, riba na adhabu, pamoja na namna kila malipo yako yalivyogawanywa. Katika mfano wetu, nyongeza ya 10 tu kwa mwezi ingelizuia deni lisikue. Ukiweza kuongeza zaidi ya hapo, andika wazi kwamba ziada ipunguze deni la msingi, kwa kuwa wapo wakopeshaji wanaoihesabu kama malipo ya awali ya mwezi ujao.

Si kila nchi imepanga mambo hivi. Australia, tangu mwaka 1989, mhitimu hulazimika kulipa pale tu kipato chake kinapovuka kiwango kilichowekwa, na makato hupitia mfumo wa kodi. Hata huko deni hupandishwa kufuata kupanda kwa bei, na mwaka 2023 malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilibadili kanuni mwaka uliofuata.

SWALI: Kwa nini ada zinapanda ilhali mwalimu ni yule yule na darasa ni lile lile? Nina watoto wawili chuoni.

JIBU: Ndugu mzazi, swali lako limebeba nusu ya jibu. Kiwanda kikipata mashine bora huzalisha zaidi kwa wafanyakazi wale wale, lakini mhadhara wa saa moja bado ni wa saa moja, na mhadhiri naye anahitaji mshahara unaoendana na wa wenzake kwingineko.

Nusu ya pili ni swali la nani analipa. Nchini Uingereza, huko England, wanafunzi walianza kutozwa hadi pauni 1,000 kwa mwaka mnamo 1998, kiwango cha juu kikafika 3,000 mwaka 2006, kisha 9,000 mwaka 2012, baada ya serikali kupunguza sana ruzuku ya ufundishaji. Gharama ya kufundisha haikuongezeka mara tatu kwa mkupuo. Mzigo ulihamishwa kutoka hazina hadi mabegani mwa mwanafunzi. Kwa hiyo, ada ya watoto wako ikiruka ghafla, kiulize chuo kwanza ruzuku yake imepungua kiasi gani.